Njia ya Theluji Hupita Msituni: Safari ya Milima ya Ruwenzori

Tarehe 24 Mei 1888, Henry Morton Stanley alikuwa akisafiri karibu na Ziwa Albert, akiongoza msafara ambao wengi wa watu wake walikuwa Wangwana, yaani watu wa pwani, walioandikwa kazi Unguja mwaka uliotangulia, ndipo kijana mmoja aliyefuatana naye alipomwonyesha mlima wa mbali ambao, kwa kauli ya watu, ulikuwa umefunikwa na chumvi. Stanley alidhani kwanza kuwa lile ni wingu. Lakini alipolikazia macho, akaona ya kuwa chini ya weupe ule pana mlima uliojengeka imara juu ya ardhi, alitambua kwamba ile haikuwa chumvi wala wingu, bali theluji, nayo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Wala waliosema chumvi hawastahili kuchekwa, kwa maana upande wa kusini, chini ya milima hiyo, liko ziwa la Katwe ambalo chumvi yake imechimbwa na kuuzwa katika nchi zote za jirani tangu zamani, na ada ya mwanadamu ni kukilinganisha asichokijua na kile alichokwisha kukishika mkononi.

La ajabu zaidi ni kwamba habari za milima ya namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuandikwa karne nyingi kabla ya Stanley kuzaliwa. Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya pili baada ya Kristo, aliitaja Milima ya Mwezi ambayo theluji yake huyalisha maziwa yanayozaa mto Nili. Na al-Idrisi, alipomchorea mfalme wa Sicily ramani yake mashuhuri ya mwaka 1154, aliuweka humo Jabal al-Qamar, yaani Mlima wa Mwezi, na mito ya Nili ikiteremka kutoka kwake. Wengi wamesadiki kuwa milima hiyo ndiyo Ruwenzori. Hata hivyo msafiri Samuel Baker alisimama kando ya Ziwa Albert mwaka 1864 asione theluji yo yote, na Stanley mwenyewe, mwaka 1876, alipiga kambi upande wa mashariki ilhali milima iko mbele yake, asijue kilichoko juu. Kwani mawingu huifunika sehemu kubwa ya mwaka, na mgeni aweza kukaa mguuni pake majuma mazima akaondoka na habari za mvua tu.

Tangu siku za Ptolemy hata leo, basi, mtu akitajiwa Ruwenzori huuliza kwanza habari za theluji. Nami katika makala haya nimekusudia kumfikisha msomaji kwenye theluji hiyo, illa kwa njia ile ile ipitwayo kwa miguu, yaani katikati ya msitu wa kale na matingatinga ya juu, bila ya kuruka hatua hata moja. Kwa sababu nimeyakinisha ya kuwa aendaye huko kwa haraka ya kuona weupe wa kileleni huipita, pasipo kuitazama, siri kubwa ya mlima wenyewe.

Yafaa kwanza kueleza milima hii ni ya namna gani, maana watu wengi wa Afrika Mashariki, waliozoea umbo la Kilimanjaro, hudhani kila mlima mrefu ni mlima uliotokana na moto wa ardhini. Ruwenzori si hivyo. Ni pande kubwa mno la miamba ya kale lililosukumwa juu ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa la magharibi, nalo lina urefu wa kilomita 120 hivi na upana wa kilomita 48 hivi, likiwa mpaka baina ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Juu yake hakuna kilele kimoja, bali mna milima sita iliyopata kuwa na barafu, yaani Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Na kilele cha juu kuliko vyote, Margherita katika Mlima Stanley, kina mita 5,109, nacho barani Afrika hupitwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Upande wa Uganda umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 996, na mwaka 1994 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Njia ya zamani zaidi iendayo kwenye vilele huanzia Nyakalengija, kijiji kilicho si mbali na mji wa Kasese, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Hapo wapagazi hupima mizigo kwa mizani, huigawa kwa haki, na kuifunga vizuri ili mvua isiipenye. Nao ni Wakonzo, wenyeji wa miteremko hii, ambao ndugu zao wa upande wa Kongo huitwa Wanande. Katika miaka ya 1980 wenyeji walijiundia chama chao cha kuwaongoza wageni, na si halali kwa mgeni kupanda bila ya kiongozi. Nayo ni sheria ambayo mtu huifahamu maana yake kabla ya siku ya kwanza kwisha. Mwanzo wa njia ni wa upole: kuna migomba na kahawa, mbuzi waliofungwa kwenye vijiti, na upande mmoja sauti ya mto Mubuku. Kisha mashamba hukoma papo hapo kwenye mpaka wa hifadhi, na mtu huingia katika kivuli ambacho hatatoka humo mpaka jioni.

Msitu huu haukupandwa na mtu. Ndani yake mna miti ya podo na miti mingine mirefu ambayo umri wake hakuna aliyeuhesabu, na kati ya miti hiyo, mahali ambapo mmoja umeanguka kwa uzee au kwa upepo na kuacha nuru ishuke, vichaka hujazana kwa nguvu hata njia ikawa haionekani ila na mtu aliyeizoea. Mbega huruka juu kwa juu, na manyoya yao meupe huonekana kitambo kidogo. Shorobo, ndege mwenye mbawa nyekundu, hupiga kelele pasipo kuonekana. Na kinyonga mwenye pembe tatu hutambaa juu ya tawi kwa subira yake mashuhuri. Usiku hutawala sauti ya perere, mnyama mdogo ambaye kilio chake ni kikubwa kupita mwili wake, hata mgeni asiyeambiwa huenda akakosa usingizi kwa hofu.

Nilisimama mahali pamoja kulitazama gogo lililolala kando ya njia, na naona yafaa nilieleze kwa urefu kidogo. Lilikuwa nene, urefu wake umepotea ndani ya majani, na hapakuwa na hata upana wa kiganja ulioachwa wazi juu yake: kuvumwani ilikuwa imelifunika kote, juu ya kuvumwani yameota madole ya vikangaga, na penye ufa mmoja ulikuwa umeshika mizizi mche wa mti uliokwisha kufika kimo cha goti. Mvua haikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kiongozi wetu, mzee aliyeijua njia hii tangu ujana wake, akachuma kipande cha kuvumwani kwa vidole vitatu, akakikamua, na maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia, "Bwana, mvua ya jana ndiyo hii, na ya juzi iko chini yake." Chini ya gogo, nilipoinama, palikuwa na mchirizi wa maji safi usiozidi unene wa kidole, ukiteremka polepole kuelekea Mubuku.

Njia yenyewe ni ngumu. Mizizi huikata kila hatua chache, nayo hulowa na kuteleza. Matope hufika kifundoni na pengine gotini. Na mahali pengine mtu hupanda kwa mikono na miguu pamoja, akishika shina hili na jiwe lile. Wapagazi huvaa gambuti, nao wana haki, kwani kiatu cha ngozi cha thamani kubwa hakishindani na matope ya Ruwenzori kwa siku nzima. Ukingo mrefu unaopandwa kuelekea kibanda cha Nyabitaba, kwenye mita 2,651, ni kifusi cha mawe kilichosukumwa na kuachwa na barafu ya zama za kale, maana katika zama hizo barafu iliteremka mabondeni hadi mahali palipo msitu leo. Hivyo apandaye katika kivuli cha miti tayari anakanyaga kazi ya barafu, ingawa safari ya kuifikia barafu yenyewe ingali mbele yake.

Baada ya Nyabitaba njia huteremka hadi kwenye daraja, karibu na makutano ya mito Mubuku na Bujuku, kisha huingia katika mianzi. Mianzi husimama karibu karibu, na upepo ukipita hugongana juu kwa juu kwa sauti kavu. Chini, shina zilizolala hulowa na kuwa hatari kwa mguu wa mtu aliyechoka. Mwinuko ukizidi, mianzi nayo hupungua, na miti ya erika hushika mahali pake. Erika ni jamaa ya vichaka ambavyo katika nchi za baridi havimfiki mtu kiunoni, lakini hapa imekuwa miti kamili, iliyopinda, na kila tawi lake limevikwa kuvumwani nene na ndevu ndefu za kijani hafifu zining'iniazo na kudondosha maji ya ukungu hata mvua isiponyesha. Katika msitu huo wa erika, penye kibanda cha John Matte kwenye mita 3,414, ndipo mtu hulala akisikia mto Bujuku na kuanza kuijua baridi.

Ng'ambo ya hapo liko tingatinga la Bigo, ambalo sifa yake mbaya imefika mbali. Ni bonde tambarare lililojaa tope jeusi la mboji, na katika tope hilo yameota mafundo ya majani magumu, kila fundo likiwa na kimo cha goti au kiuno, na baina ya fundo na fundo hakuna ajuaye kina. Zamani wasafiri walilivuka kwa kuruka toka fundo hadi fundo, kama mtu apitaye bandarini toka ngalawa hadi ngalawa, naye akikosea hutumbukia; siku hizi sehemu kubwa imewekewa njia ya mbao, ambayo humwokoa mtu na vilevile huliokoa tingatinga lenyewe, kwa sababu kila unyayo uingiao mbojini huacha shimo ambalo halizibiki upesi. Hapo Wakonzo huenda kwa utaratibu, kila mmoja akipima kwa fimbo yake pale ambapo mbao zimeoza, na aliye mbele humpigia kelele aliye nyuma bila ya kugeuka.

Tingatinga hili ndipo mimea ya ajabu ya Ruwenzori inapoanza kujitokeza kwa wingi: lobelia zilizosimama wima kupita kimo cha mtu, senesio zenye shina nene na kichwa cha majani mapana, na vichaka vya maua meupe yasiyonyauka. Asubuhi moja, jua halijafika bondeni, nilikaribia lobelia moja ya chini na kutazama katikati ya majani yake yaliyojipanga duara. Ndani yake mlikuwa na maji, na juu ya maji utando wa barafu mwembamba mno. Nilipougusa kwa kidole ukavunjika, na chini yake maji yalikuwa maji, na chipukizi la katikati lilikuwa zima, halikudhuriwa na baridi hata kidogo. Senesio nazo hujikinga kwa hila nyingine: majani yao yakifa hayaanguki, bali hubaki yameshika shina, yakilizuia lisipatwe na baridi ya usiku, na majani yaliyo hai hujifunga jioni kukihifadhi kichwa. Katika nchi ambayo mchana jua la Ikweta huunguza ngozi na usiku maji huganda, kila kinachoishi kimejipatia hekima yake. Juu ya lobelia hutua chozi wa milimani, ndege mdogo wa rangi ya kijani ing'aayo, akitafuta chakula maridhawa katika maua hayo.

Wa kwanza walioandika habari za mpangilio huu wa mimea hawakuwa wapandaji wa vilele. Mwezi Juni 1889 William Stairs, afisa wa msafara wa Stanley, alipanda miteremko hii pamoja na Wangwana wa msafara mpaka kupita mita 3,000, kisha mabonde yaliyomkatiza mbele yakamrudisha. Naye akarudi na majani na maua mfukoni. Mwaka 1891 Franz Stuhlmann, ambaye baadaye alikuja kuiongoza taasisi ya kilimo ya Amani katika milima ya Usambara, alipanda kwa upande wa Kongo hadi karibu na mita 4,000 na kueleza jinsi mimea inavyobadilika ngazi kwa ngazi. Watu wa pwani, kwa hiyo, wana fungu lao katika historia ya mlima huu: miongoni mwa nyayo za mwanzo zilizoandikwa vitabuni zimo nyayo za watu waliozungumza Kiswahili, wenye mavazi ya nchi ya joto, waliotetemeka kwa baridi wasiyopata kuisikia na hata hivyo wakaibeba mizigo yao. Majina yao hayakubandikwa kwenye kilele cho chote. Mwaka 1906, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipokuja na mpiga picha Vittorio Sella na kuvipanda vilele vyote vikubwa, baadhi yake aliviita kwa majina ya wafalme na malkia wa Ulaya. Na wenyeji waliobeba mizigo mpaka Bujongolo, chini ya mwamba alipoweka kambi yake, waliachiwa milima wanayoijua kwa majina yao wenyewe.

Sasa turudi njiani. Kutoka Ziwa Bujuku, ambalo limezungukwa na Stanley, Speke na Baker pande tatu, na kutoka kibanda kilicho kwenye mita 3,962, njia hupinda kuelekea juu kwa mteremko mkali uliojaa senesio, mawe na matope, na ngazi za chuma mahali pasipopandika. Huko ndiko mlangoni, namaanisha upenyo uliopo baina ya Mlima Stanley na Mlima Baker, uitwao kwa jina la George Scott Elliot, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland aliyefika huku katika miaka ya 1890. Kimo chake ni mita 4,372. Majani hukoma, mawe hubaki, na pumzi huwa fupi. Mtu hupiga hatua kumi akasimama, akapiga hatua kumi tena, na hakuna aonaye haya kwa kusimama. Kuta za Baker hupanda juu upande mmoja, nyeusi na zenye maji, na upande wa pili ni miamba ya Stanley ambamo njia ya Margherita huchepuka.

Theluji tuliikuta mlangoni hapo. Ilikuwa imeanguka usiku, haikuzidi kina cha vidole viwili, nayo ilikuwa imelala juu ya mawe na katika nyufa, safi kabisa, isiyokanyagwa ila na pimbi mmoja aliyeacha alama za miguu yake na kutokomea. Wapagazi wetu waliipita bila ya mzaha na bila ya kelele, na mzee wetu alisimama kitambo akiwa amevua kofia. Kwa maana katika itikadi za Wakonzo theluji si pambo la mlima. Nzururu, aliye theluji, ndiye baba wa Kitasamba na Nyabibuya, roho ambazo uhai wa watu, uzazi wao na salama yao vimewekwa katika mamlaka yao. Kabla ya saa sita jua lilikuwa limeipiga, na theluji ile ya usiku mmoja ikawa maji, yakiteremka pande zote mbili za mlango: huku kuelekea Bujuku, na huko kuelekea maziwa ya Kitandara.

Theluji ya usiku huja na kwenda, na haina budi kufanya hivyo. Lakini barafu ya kudumu, ile ambayo Luigi Amedeo aliikanyaga na Sella akaipiga picha, inakwenda wala hairudi. Mwaka 1906 barafu za Ruwenzori zilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Wataalamu walipozipima kwa picha za setilaiti, zilikuwa zimepungua hadi kilomita za mraba 2 hivi mwaka 1987, na mwaka 2003 hazikufika hata kilomita moja ya mraba kamili. Kilichobaki leo kiko kwa sehemu kubwa katika Mlima Stanley, nacho kimekatika vipande. Na mashirika ya Umoja wa Mataifa yametabiri ya kuwa barafu zote za milima ya Afrika huenda zikatoweka kabla ya kutimia nusu ya karne hii. Sababu kubwa ni joto la dunia, na moto uliolipandisha joto hilo haukuwashwa Kasese wala Beni ya upande wa Kongo. Aliyezaliwa leo mguuni pa mlima huu yamkini atawaeleza wajukuu wake habari za Nzururu pasipo kuwa na cha kuwaonyesha, na huo ni msiba wa dini, wa historia na wa elimu kwa pamoja, ambao haupungui uzito kwa kuwa haukuletwa na jirani.

Watu wakisikia hayo huuliza upesi: barafu ikiisha, mito je? Swali hili ni la Ptolemy, ambaye aliamini kuwa theluji ndiyo ilishayo Nili. Na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Wataalamu waliopima maji ya mto Mubuku waligundua kwamba maji yatokayo kwenye barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi vilevile. Yote yaliyosalia, ambayo ndiyo karibu mto mzima, yatoka katika mvua zinazoanguka juu ya msitu, juu ya erika na juu ya matingatinga, zikashikwa humo, zikaachiliwa kidogo kidogo. Mchirizi ule chini ya gogo, maji yale yaliyomtiririka mzee mpaka kwenye kiwiko, tope lile la Bigo ambalo kila msafiri hulilaani: hivyo ndivyo vinavyoendesha mitambo ya umeme ya Mubuku, vinavyonywesha mashamba ya Kasese, na vinavyoingia Ziwa George, na Ziwa Edward, na mto Semliki, na Ziwa Albert, mpaka Nili.

Na ushahidi wa upande wa pili, ule wa madhara, haukuchelewa kuja. Mwezi Februari 2012 moto uliunguza mimea ya juu katika bonde la mto Nyamwamba, ulio jirani na Mubuku; na mwezi Mei 2013, mvua kubwa zilipoanguka, mto huo uliteremka na mawe na magogo, ukaharibu nyumba, madaraja na hospitali katika bonde la Kilembe na kufika Kasese. Mvua peke yake ingeweza kuleta mafuriko, na bonde hilo lina miteremko mikali. Walakini waliochunguza tukio lile waliutaja moto wa mwaka uliotangulia miongoni mwa sababu, kwa kuwa mteremko uliounguzwa hauna cha kuyazuia maji. Mwaka 2020 mto huo ulifurika tena.

Kwa msomaji mwenye nia ya kwenda, nasaha chache. Miezi ya Desemba mpaka Februari, na Juni mpaka Agosti, ndiyo yenye mvua chache, ijapokuwa hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Achukue gambuti, nguo kavu zilizofungwa ndani ya plastiki, na subira. Maradhi ya mwinuko humpata mwenye nguvu na mnyonge sawasawa, nayo huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Dawa yake ya hakika ni kushuka, na atakayeambiwa na kiongozi ashuke, basi na ashuke, ingawa kilele kinaonekana. Asichume, asiwashe moto wa kuni, asiiache njia ya mbao. Na zaidi ya yote asiifanye siku ya msituni kuwa ni ushuru wa kulipwa ili afike kwenye theluji: asimame, ainame, atazame gogo moja mpaka alijue.

Kuirudisha barafu ya Ruwenzori hakumo katika uwezo wa Uganda na Kongo, hata zikiungana. Kunataka toba ya mataifa yaliyochoma makaa na mafuta kwa karne mbili, nasi tuna haki ya kuidai toba hiyo katika kila baraza tuliloalikwa. Lakini msitu, erika na matingatinga vimo mikononi mwetu, na adui zao tunawajua kwa sura: panga, moto wa kiangazi, shamba linalosogezwa mpaka ndani ya hifadhi, na serikali inayowatazama wenyeji wa mlima kuwa wavamizi badala ya kuwafanya walinzi wenye ujira na heshima. Tukishindwa kuvilinda hivi vilivyo karibu, hatutakuwa na udhuru wa kusema kwamba joto la dunia ndilo lililotukaushia mito.